Moja Hadi Tano

Tartu, mwezi wa pili. Saa tisa alasiri na taa zimeshawashwa.
Mimi huingiza namba, ndiyo ajira yangu.
Bahasha zinafika zimelowa pembe kwa theluji,
nazipasua, nanyoosha kurasa, nahesabu,
kisha mtu mzima anakuwa mstari mmoja wa tarakimu.

Moja: si kweli hata kidogo.
Tano: kweli tupu.
Tatu ni yule aliyesimama kizingitini,
haingii, haondoki, na baridi inaingia naye.

Leo ni Heldur Raudsik, miaka sabini na minne,
mstaafu wa kiwanda cha bia, mkazi wa Supilinn,
kule ambako barabara zimepewa majina ya mboga:
Mtaa wa Mbaazi, Mtaa wa Maharage. Yeye yuko Mtaa wa Viazi.
*Mimi ni mwepesi wa hasira.* Mbili.
*Mimi ni mcheshi penye watu.* Moja.
*Machozi yangu yako karibu.* Moja,
na duara amelikoleza mara mbili, kama anayefunga mlango kwa komeo.

Bahasha ya pili ina maswali yaleyale, ila "mimi" imekuwa "yeye".
Mkewe, Virve, ameombwa amjibie mumewe.
*Yeye ni mwepesi wa hasira.* Mbili. Wamepatana.
*Machozi yake yako karibu.*
Hapa raba imepita na kupita
mpaka karatasi imekuwa laini kama kope.
Naiinua kwenye taa:
chini ya moja kuna mbili,
na chini ya mbili, naapa, kuna tano.
Pembeni, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
*jikoni, redio ikiwa juu. Anadhani sisikii.*

"Pembeni hapana safu," husema Daktari Leelo Kangro.
Si mkatili. Huniletea mkate wa shayiri aliouoka mwenyewe.
"Ukiruhusu maneno ya pembeni," husema,
"huna tena kipimo, una majirani tu."
Nami namwelewa. Nimeona elfu tatu wakipangwa pamoja
na mlima ukajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, mpole, mabega sawa,
na humo ndani kila mwoga ana mwoga mwenzake.
Mtu mmoja hudanganya, umati haujui namna.
Nyani haoni kundule, sawa,
lakini nani aliwahi kumwuliza nyani kwa heshima,
akampa kalamu ya risasi
na kumwahidi kwamba jina lake litafichwa?

Nami nilijaza, wiki ya kwanza kazini.
*Ninachokianza hukimaliza.* Nne, bila kusita.
Na droo ya pili nyumbani ilikuwa na barua ya dada yangu,
salamu, jina lake, na mkato,
tangu Krismasi ya mwaka juzi.
Penye *mtu anayekufahamu vyema* nikaandika: Maarika.
Anwani ya Võru, ya zamani, sina nyingine.
Bahasha yake haijarudi.
Kwa hiyo katika jedwali mimi nina nusu moja,
na nusu ya pili ni tisa, tisa, tisa,
alama yetu ya *hakuna jibu*.

Virve, nifanye nini na tano yako?
Uliiweka, ukaifuta, ukaweka mbili,
ukafikiri labda atasoma kabla ya kubandika stempu,
au hukufikiri hivyo, mimi ndiye ninayefikiri.
Sheria inasema: duara la mwisho.
Nabonyeza moja.
Naangalia mlango. Nabonyeza moja tena, ingawa imeshaingia.

Swali la arobaini na mbili. *Yeye hupenda sherehe.*
Heldur: mbili. Virve: mbili.
Chini uani mtu anakwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya maktaba.